Koki au EVA? Kuchagua mshiko wa fimbo ya kuvulia

Mtu akitaka kununua fimbo ya kuvulia, au kujiundia mwenyewe, haichukui muda kabla ya kuingizwa kwenye ubishi wa mpini. Mmoja anaapa kwamba koki, lile gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, ndiyo pekee inayofikisha mdonoo wa samaki mkononi. Mwingine anasema koki ni urembo wa wazee, inabanguka upesi, bora EVA, yaani sponji ya plastiki. Wa tatu ameshanunua mpini wa kaboni na hataki kusikia habari ya vingine. Wote watatu huenda wanasema kweli, ila kila mmoja anaisemea sehemu yake ya mpini, tena kwa uvuvi wake.

Mpini wa fimbo si kitu kimoja. Nyuma kabisa kuna kitako, kinachoegemea tumbo au kiwiko, au kuchomekwa kwenye tundu la kusimamishia fimbo. Mbele yake upo mshiko wa nyuma, unaoshikwa na mkono wa pili wakati wa kurusha na kulala chini ya mkono, wakati mwingine hadi kwapani, samaki anapovutwa. Kinafuata kikalio cha rili, pale rili, yaani gurudumu la kuviringishia mshipi, inapofungwa. Mwisho ni mshiko wa mbele, ambao kwenye fimbo nyingi nyepesi ni kipande kifupi tu, lakini kwenye fimbo za samaki wakubwa ndipo mkono unapobeba mzigo wote. Sehemu hizi nne hazifanyi kazi moja wala hazichakai kwa namna moja. Kwa hiyo kuuliza malighafi gani ni bora kuliko zote ni kuruka hatua. La kwanza ni kujua mkono wako unakaa wapi, na muda gani.

Chukua fimbo yenye rili ya kuning'inia chini. Ukiishika kama kawaida, mguu wa rili unapita katikati ya vidole, na kiganja kinatua juu ya kikalio chenyewe. Kikalio hicho mara nyingi ni plastiki ngumu au kaboni. Koki nzuri uliyoilipia iko nyuma ya mkono, na mkono unaotafuta mdonoo wa samaki hauigusi kabisa. Rili za ngoma zinazokaa juu ya fimbo nazo zina habari hiyo hiyo: kiganja hukumbatia rili na kikalio pamoja. Ila ukienda kwenye fimbo ya kuvulia kwa nzi bandia, mambo yanageuka. Huko rili iko nyuma ya mkono, na mshiko ndio kila kitu: unashikwa mfululizo, unarushwa mara mia kadhaa kwa siku, kidole gumba kikiukandamiza kwa juu. Ndiyo maana koki imetawala huko miaka yote, na sioni dalili ya kung'oka.

Hapo hapo tumalize suala la hisia, maana ndilo linalouza fimbo nyingi. Mtikisiko wa samaki akidonoa husafiri kwenye mshipi, ukaingia kwenye pete za fimbo, ukashuka kwenye ufito, yaani mwili wenyewe wa fimbo, hadi mkononi. Kitu chochote laini kati ya ufito na ngozi yako hupunguza mtikisiko huo, na kinapokuwa kinene zaidi na laini zaidi hupunguza zaidi. Sponji laini inameza mengi, koki ngumu inameza machache, kaboni kavu inapitisha karibu yote. Lakini hayo yanahusu pale tu mkono unapogusa. Vikalio vingi vya siku hizi vina uwazi unaoacha kidole kiguse ufito wenyewe, na kidole kimoja kwenye ufito, au kwenye mshipi mbele ya rili, kitakuambia mengi kuliko mshiko wowote wa bei ghali ulio sentimita ishirini nyuma yake. Muuzaji akikusifia jinsi mshiko wa nyuma ulivyo mwepesi wa kuhisi, msikilize kwa adabu kisha uliza bei.

Sasa koki yenyewe, kwa maana inastahili maelezo marefu kuliko nyingine. Ni gome la mwaloni wa jamii ya Quercus suber, unaoota nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, upande wa magharibi hasa. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya koki yote duniani. Mti haukatwi, unavuliwa gome nao ukajifunika upya. Mvuno wa kwanza hungoja mti ufikishe miaka 25 hivi, na sheria ya Ureno inataka ipite angalau miaka 9 kabla ya kuuvua tena. Gome la kwanza huwa na mikunjo na ugumu usio sawa, la pili lina nafuu, na ni kuanzia la tatu ndipo linapopatikana gome laini la kutosha kwa vizibo vya chupa za mvinyo. Mshiko mzuri wa fimbo unagombea gome lile lile bora na wenye viwanda vya vizibo, na hapo bei yake inaeleweka.

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alilitazama gome hili kwa hadubini na mwaka 1665 akachapisha alichokiona: vyumba vidogo vidogo vilivyopangana, kila kimoja kimefungwa. Ndani ya vyumba hivyo mna hewa, na kuta zake zina dutu ya nta inayozuia maji. Tabia zote zinazopendwa na wavuvi zinatoka humo. Koki ni nyepesi kwa sababu sehemu kubwa ni hewa. Haipozi mkono asubuhi ya baridi kwa sababu hewa iliyofungwa haipitishi joto kwa urahisi. Ukiibonyeza inarudi. Na ikiloa inashikika vizuri, wakati mwingine kuliko ikiwa kavu, jambo ambalo vitu vingi laini vya kiwandani haviwezi.

Gome lakini ni kitu cha mti, lina vitundu vya kupumulia, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoamua daraja. Mshiko wa koki hujengwa kwa pete zilizogundishwa moja juu ya nyingine, kila pete ikiwa na unene wa milimita 12 au 13, kisha hukerezwa kwenye mashine hadi kupata umbo. Pete za daraja la juu zina vitundu vichache. Za daraja la chini zina vitundu vingi, na kiwanda huvijaza kwa unga wa koki uliochanganywa na gundi, kikapiga msasa, na dukani mshiko unang'aa kama wa bei ghali. Baada ya msimu mmoja au miwili ya kuloa na kukauka, vijazo vinaanza kudondoka. Hilo ndilo chimbuko la watu wengi kuichukia koki: walichonunua kilikuwa kijazo zaidi ya koki. Usitegemee herufi zilizoandikwa, A tatu au A nne, kwa kuwa kila muuzaji ana kipimo chake na hakuna anayewasimamia wote. Tazama kwa macho. Elekeza mshiko kwenye mwanga wa upande na utafute madoa yenye rangi iliyo tofauti kidogo na yasiyo na chembe za gome. Hayo ni vijazo. Kisha pitisha ukucha juu yake taratibu.

Kuna pia koki ya kusaga: chembechembe zilizochanganywa na gundi au mpira na kukandamizwa. Ni nzito na ngumu kuliko koki ya asili, na haina ule ulaini wa mkononi. Watu huidharau, na kwa mshiko mzima wana sababu. Lakini mwishoni mwa mshiko, pale panapogonga mawe na kingo za mashua, ndiyo hasa inayofaa. Fimbo nyingi zilizofikiriwa vizuri zina koki ya asili katikati na pete moja au mbili za koki ya kusaga kila ncha. Usidhani wamebania pesa.

EVA ni sponji ya plastiki, ile ile ya soli za raba na ndala. Ina vijumba vya hewa vilivyofungwa kama koki, kwa hiyo nayo hainywi maji, ni nyepesi na haipozi mkono. Tofauti ni kwamba inatoka kiwandani ikiwa sawasawa mwanzo hadi mwisho: hakuna vitundu, hakuna vijazo, rangi yoyote unayotaka, na gharama ndogo. Damu, ute wa samaki na mafuta ya chambo vinaoshwa kwa maji na sabuni vikaisha, ilhali koki hubaki na madoa ambayo wengine huyaita sura na wengine uchafu.

Tatizo la EVA ni kwamba jina moja linabeba vitu viwili. Ipo laini, inayobonyea chini ya kidole, na ipo ngumu, yenye vijumba vidogo zaidi, ambayo hubonyea kwa shida. Laini ndiyo inayowekwa kwenye fimbo za bei nafuu. Inapendeza kuishika dakika tano dukani. Baada ya mwaka wa kubanwa kwenye tundu la kusimamishia fimbo inabaki na alama ya kudumu, inaanza kuzunguka kwenye ufito, na sehemu inayosuguliwa inapata mng'ao na utelezi. EVA ngumu haina matatizo hayo kwa kiasi kile, ila jua kali la miaka huikausha, na joto la ndani ya gari lililofungwa juani si rafiki yake. Kabla ya kununua, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba na uhesabu hadi tatu. Alama ikibaki, achana nayo.

EVA ikipakwa ute wa samaki inateleza kuliko koki. Katika uvuvi wa kupata samaki mmoja kwa saa hilo si kitu. Wanapokuja mfululizo na mikono haipati nafasi ya kunawa, utalikumbuka.

Uzito nao una porojo nyingi, na hesabu ndogo inazimaliza. Chukua mshiko wa nyuma wenye urefu wa sentimita 20, unene wa milimita 25 na tundu la milimita 12 katikati. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 76. Kwa koki yenye gramu 0.2 kwa kila sentimita ya ujazo, mshiko huo una gramu 15 hivi. EVA, kutegemea ugumu wake, itaangukia jirani na hapo. Mbao ngumu yenye gramu 0.65 itafika karibu gramu 50. Rili ndogo ya kawaida ina gramu 200 hadi 300, na iko hapo hapo karibu na mkono. Kubishania gramu nne kati ya koki na EVA huku rili ikitofautiana kwa gramu mia ni kujichosha.

Isitoshe, uzito ulio nyuma haulemei kama ule wa mbele. Gramu 5 zilizo kwenye ncha, sentimita 180 kutoka mkononi, zinalemea mkono mara tatu zaidi ya gramu 30 zilizo sentimita 10 tu kutoka mkononi. Ndiyo maana pete nyepesi za ncha zina faida ya kweli na mshiko uliokatwa katikati, ule unaoacha ufito wazi kati ya kipande cha mbele na cha nyuma, faida yake kubwa ni sura. Kwa fimbo ndefu yenye ncha nzito, uzito kidogo kwenye kitako unaweza hata kusaidia, kwani unairudisha mizani karibu na rili. Usizidishe tu, maana fimbo yote inakuwa nzito na mvivu kurusha.

Kaboni ndiyo mgeni wa karibuni. Mara nyingi ni ganda jembamba la nyuzi za kaboni juu ya kiini cha sponji ngumu. Ni jepesi, halibonyei, linapitisha mtikisiko vizuri, na kulisafisha ni kulipangusa tu. Linateleza likiloa, hasa lililong'arishwa, na asubuhi ya baridi linakuwa baridi kweli. Nalipenda kwenye mshiko wa nyuma wa fimbo nyepesi ya chambo bandia, mahali ambapo mkono wa pili unapita tu. Mahali pa kushika kwa nguvu, hapana. Na kwa kuwa tumeitaja kaboni: inapitisha umeme, na ufito wa fimbo nyingi ni kaboni hiyo hiyo. Mshiko wa koki au EVA si kinga ya umeme. Chini ya nyaya za umeme na wakati wa radi, fimbo inashushwa, iwe na mshiko wowote.

Kwa uvuvi wa miambani na ufukweni, wenye fimbo ndefu zinazorushwa kwa mikono miwili, kuna kitu kisichozungumzwa vya kutosha: neli ya kusinyaa. Ni ile ile ambayo mafundi umeme hufunikia maungio ya nyaya, ila hii ni nene na ina michoro ya msalaba juu yake. Unaivalisha, unaipasha joto, inaubana ufito au koki iliyo chini yake. Haibanguki, haitelezi ikiwa na chumvi na mchanga, na inaingia na kutoka kwenye tundu la kusimamishia bila kung'ang'ania, tofauti na EVA inayokwama. Haina ulaini wowote, na moja kwa moja juu ya ufito mwembamba inachosha vidole. Lakini fimbo ya ufukweni mara nyingi inakaa kwenye kishikizo chake, si mkononi. Kuna wanaoviringisha kamba nyembamba kwanza kisha wakaifunika kwa neli; wanapata matuta ya kushikia na unene kidogo. Ni kazi ya bei nafuu inayodumu.

Mbao inapendeza. Ni nzito, inahitaji vanishi, na vanishi ikiloa inateleza. Kama pambo mbele ya kikalio, sawa. Mpira wa kawaida, na zile fimbo zilizopakwa rangi ya kunata ili mshiko uwe mzuri mkononi, ningeziepuka: mipako ya namna hiyo ikizeeka hugeuka kuwa gundi.

Fimbo za bahari kuu zina utaratibu wake. Huko chambo hukokotwa nyuma ya chombo kwa saa nyingi, fimbo ikiwa kwenye tundu lake, na samaki akishika kitako huhamia kwenye mkanda wa kiunoni wenye kikombe. Kitako cha koki kingesagika siku ya kwanza. Kwa hiyo huwa alumini au nyuzi ngumu, chenye mwanya wa msalaba mwishoni unaokaa kwenye pini ili fimbo isizunguke. Mshiko wa mbele ni mrefu na mnene, wa EVA ngumu au sponji nyingine ya mpira inayofanana nayo, kwa kuwa ndipo mkono unapokaa muda wote wa kupigana. Hapo hisia ya mdonoo haina maana. Samaki wa kilo themanini hahitaji kutafutwa kwa ncha za vidole. Kinachotakiwa ni mkono usichoke na usiteleze.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni unene. Mshiko mwembamba mno unaulazimisha mkono kubana, na mkono unaobana unachoka na kuuma hata kama malighafi ni ya daraja la kwanza. Mnene mno, vidole havifungi. Ukishika kwa ulegevu, ncha ya kidole cha kati ikaribie kugusa nyama ya chini ya kidole gumba. Hapa koki na EVA zina sifa ambayo kaboni haina: zinapunguzika kwa msasa. Mshiko ulio mnene kidogo unaweza kuurekebisha jioni moja, taratibu, ukisimama kila mara na kuujaribu mkononi. Kwenye fimbo za nzi bandia umbo nalo lina neno. Zile za mshipi mzito hupewa uvimbe mbele ili kidole gumba kipate pa kusukumia, na zile nyepesi zinatosheka na umbo la sigara.

Pia kuna ubandikaji, ambao huwezi kuuona lakini ndio unaoamua mshiko utaishi miaka mingapi. Ufito unapungua unene kuelekea ncha, kwa hiyo tundu la koki linapaswa kutanuliwa kwa tupa ya mviringo hadi likae sawa urefu wote. Mafundi wa haraka hutanua kupita kiasi na kujaza pengo kwa gundi. Baada ya muda maji yanapenya, gundi inaachia, na unasikia mlio mdogo kila unaporusha. Pengo dogo hujazwa na gundi ya epoksi inayokauka polepole; pengo kubwa huzungushiwa utepe wa karatasi kwa vipande vilivyoachana, ili epoksi ipite kati yake na kushika ufito wenyewe. EVA hufanyiwa kinyume: tundu lake huwa dogo kuliko ufito kwa milimita moja hadi tatu, likavutwa kwa nguvu huku gundi ikilainisha njia. Dukani, shika kikalio kwa mkono mmoja na mshiko kwa mkono mwingine, ujaribu kuzungusha. Kisicho imara leo hakitakuwa imara kesho.

Utunzaji ni mfupi. Ile plastiki ya kiwandani inayofunika koki ya fimbo mpya itolewe siku ya kwanza. Inafungia unyevu ndani na koki inaota ukungu chini yake. Baada ya bahari, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uache ikauke kabla ya kuiingiza kwenye mfuko wake. Madoa ya koki yanatoka kwa sabuni isiyo kali na sifongo. Msasa ni wa mara chache sana, kwa maana kila ukiupitisha unapunguza unene. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha aina nyingi za plastiki na vanishi, hivyo nawa mikono kabla ya kushika fimbo.

Vitundu vikifunguka, saga kizibo cha koki kuwa unga, changanya na gundi isiyoyeyushwa na maji, jaza, acha siku nzima, kisha sawazisha. Mshiko wa nyuma ukiharibika kabisa unabadilishika: unapasuliwa kwa urefu bila kisu kufika kwenye ufito, unabanduliwa, na EVA mpya huvutika ikaingia kwa nyuma. Mshiko wa mbele ni habari nyingine. Kuingiza mpya kwa mbele kunataka kutoa pete zote za mshipi, au kuupasua nusu mbili na kuugundisha pale pale. Kwa hiyo kama bajeti inaruhusu kipande kimoja tu cha koki ya daraja la juu, kiwekwe mbele ya rili. Nyuma panaweza kungoja.